Cheti cha Uuguzi: Kupima Mshahara na Deni Kabla ya Kujiunga na Chuo

Matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, kaya nyingi za Nanyala na vijiji vingine vya Mbozi huingia katika mashauriano marefu ya jioni. Binti amefaulu Biolojia, Kemia na Fizikia kwa alama za kutosha kuomba chuo cha afya, lakini hakupangiwa kidato cha tano. Anasema anataka uuguzi. Baba anahesabu kahawa ambayo bado iko mtini. Mama anahesabu zamu yake katika kikoba. Mjomba aliyeko Tunduma ameahidi kusaidia, na jirani amekwisha kutaja jina la mtu anayekopesha bila maswali mengi.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya mashauriano hayo. Halikusudii kumkatisha tamaa yeyote, kwa kuwa uuguzi ni taaluma ya heshima, na zahanati nyingi za vijijini bado zinahitaji mikono. Jambo tunalotaka msomaji alione mapema ni moja: deni la chuo huanza siku ya kwanza ya muhula, lakini mshahara hauanzi siku ya mahafali. Kati ya siku hizo mbili kuna kipindi ambacho hakitajwi katika vipeperushi vya vyuo, na katika kipindi hicho ndimo kaya nyingi huuza walichokuwa hawakusudii kuuza.

Cheti kipi?

Neno "nesi" hutumika mitaani kwa watu wa ngazi nyingi, na baadhi ya wafanyabiashara wa elimu wanaelewa faida ya mkanganyiko huo. Mafunzo ya uuguzi na ukunga yanayotambuliwa hupangwa kwa ngazi za tuzo zinazosimamiwa na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET. Ngazi ya nne na ya tano ni cheti, ambacho kwa kawaida huchukua miaka miwili; ngazi ya sita ni stashahada, inayofikia miaka mitatu. Mwombaji anatakiwa awe na ufaulu katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Biolojia, Kemia na Fizikia.

Lakini cheti peke yake hakimpi mtu ruhusa ya kumchoma mgonjwa sindano. Chini ya Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010, mtu hawezi kufanya kazi hiyo bila kusajiliwa na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Kwa hiyo swali la kwanza la kumwuliza mkuu wa chuo si "ada ni kiasi gani?" bali "mhitimu wa kozi hii anasajiliwa na Baraza kwa jina gani?" Chuo kinachojibu kwamba cheti chake "kinakubalika hospitali nyingi" hakijajibu swali.

Zipo kozi za miezi michache zinazotangazwa kwa picha za vijana waliovaa sare nyeupe. Baadhi hufundisha mambo ya manufaa, kama huduma ya kwanza au kumtunza mzee nyumbani, na hakuna ubaya kuzisoma kwa bei inayolingana na manufaa hayo. Ubaya ni kuzilipia kwa matarajio ya mshahara wa muuguzi mwenye leseni. Kila mwaka NACTVET hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotaja vyuo vilivyosajiliwa, programu zao, muda wake na ada. Kama jina la chuo limo lakini programu uliyoambiwa haimo, chukulia kwamba haimo.

Gharama nzima

Tumchukulie binti mmoja wa Nanyala. Takwimu zitakazofuata ni za mfano tu, zimechaguliwa ili hesabu iwe rahisi kufuata. Msomaji aweke zake.

Kipeperushi cha chuo kinasema ada ni shilingi 1,400,000 kwa mwaka. Kwa miaka miwili ni 2,800,000, na baba akisikia hivyo anaona jambo linawezekana. Kisha barua ya kujiunga inafika. Kuna ada ya mitihani, usajili, bima ya afya, sare, viatu, kitabu cha kumbukumbu za mafunzo kwa vitendo na vifaa vidogo ambavyo mwanafunzi hujinunulia: tuseme 500,000 mwaka wa kwanza na 400,000 wa pili. Chakula na malazi, kwa 100,000 kila mwezi katika miezi kumi, ni 1,000,000 kwa mwaka. Nauli na matumizi madogo, 100,000 kwa mwaka. Mwaka wa kwanza umefika 3,000,000 na wa pili 2,900,000. Baada ya kuhitimu kuna gharama za mtihani wa leseni, usajili, kuthibitisha nakala za vyeti na nauli za kwenda kwenye usaili, tuweke 250,000.

Jumla ni shilingi 6,150,000. Ada iliyoandikwa kwenye kipeperushi haikufika hata nusu yake.

Wapo watakaosema tumesahau kipato ambacho binti angekipata kama asingekwenda chuo. Ni kweli. Kama angesaidia duka Mlowo kwa 80,000 kwa mwezi, katika miezi 24 angepata 1,920,000. Fedha hiyo haikopwi, kwa hiyo hatutaiingiza katika hesabu ya deni, ila mzazi anayelinganisha njia mbili asiiache nje.

Deni na msimu wa kahawa

Hapa tutakaa kwa muda, kwa sababu hapa ndipo mambo huharibika.

Mapato ya kaya ya Mbozi hayaji kila mwezi. Kahawa huchumwa kuanzia katikati ya mwaka, hupelekwa AMCOS, huuzwa mnadani, na fedha humfikia mkulima kwa mafungu, wakati mwingine baada ya kungoja sana. Mahindi yana msimu wake na maharage yana wake. Chuo kwa upande wake hudai awamu ya kwanza mwanafunzi anaporipoti, na awamu nyingine baadaye ghalani kukiwa kumebaki chakula tu. Basi mara nyingi mzazi hakopi kwa sababu ni maskini kuliko gharama. Hukopa kwa sababu fedha yake ina tarehe tofauti na tarehe ya mhasibu wa chuo.

Turudi kwa binti wetu. Kahawa, mahindi na kikoba vimechangia 3,950,000 katika miaka yote miwili. Mjomba ametoa 1,000,000. Zimebaki 1,200,000, ambazo baba anazikopa mwanzoni mwa mwaka wa pili kwa marejesho ya miezi 12.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani kampuni na watu binafsi wasiopokea amana. Tuseme baba amekwenda kwa mkopeshaji mwenye leseni na ameambiwa kiwango hichohicho. Bado hajajua atalipa nini. Kama riba inahesabiwa juu ya deni la awali hadi mwisho, kila mwezi ni 42,000, na kwa mwaka ni 504,000. Kama inahesabiwa juu ya deni linalobaki, huku akipunguza 100,000 ya msingi kila mwezi, riba yote ya mwaka ni 273,000. Kiwango kilichotajwa ni kimoja, lakini tofauti ni shilingi 231,000. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi, usiulize asilimia tu. Omba jedwali la marejesho, mwezi kwa mwezi, na ujumlishe safu ya mwisho wewe mwenyewe.

Tuendelee na hesabu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo ambayo wengi huikuta. Deni na riba ni 1,704,000, sawa na 142,000 kila mwezi. Rejesho la kwanza litadaiwa binti akiwa darasani. Rejesho la mwisho litadaiwa karibu na siku atakayohitimu, kabla hajapata leseni. Maana yake ni kwamba mshahara wake hautalipa deni hili hata kidogo. Deni litalipwa na kahawa ya baba, mbuzi wa mama, au deni jingine. Sentensi ya "atalipa mwenyewe akianza kazi", ambayo husemwa kwa nia njema katika mashauriano mengi, haimo katika mkataba, na mkopeshaji hakuisikia.

Deni jingine ndilo linaloitwa mitaani kausha damu. Mtu anakopeshwa 500,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, bila leseni wala jedwali, na anakabidhi kadi ya benki au hati ya shamba. Akishindwa kulipa msingi, analipa riba ya 100,000 ili "kusogeza" deni. Baada ya miezi kumi amelipa 1,000,000 na bado anadaiwa 500,000 zilezile. Usimkabidhi mtu yeyote kadi yako ya benki na namba ya siri, hata kama anamfahamu mwenyekiti wa kitongoji. Mkopeshaji asiye na leseni anaweza kuripotiwa Benki Kuu. Orodha ya wenye leseni hutolewa na Benki Kuu yenyewe.

Neno la haraka kuhusu fedha za halmashauri, yaani asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: mikopo hiyo haina riba, lakini ni kwa shughuli za kiuchumi za vikundi vilivyosajiliwa, si kwa ada ya chuo. Kikundi kinachoigeuza kuwa ada hujiweka pabaya wakati wa marejesho.

Miezi ya kungoja

Binti amehitimu. Sasa anasubiri matokeo, kisha mtihani wa leseni, kisha leseni. Ajira za serikali hutangazwa kwa awamu, kadiri vibali vinavyotolewa, na maombi hufanyika kwa mtandao. Hakuna tarehe ya kila mwaka ambayo mtu anaweza kuiwekea deni. Wapo wanaoitwa kazini mapema. Wapo wanaojitolea katika kituo cha afya kwa posho ndogo, au bila posho, wakingoja tangazo lijalo. Kujitolea kuna faida, kwani kunalinda ujuzi na kunampa mtu barua ya uzoefu, lakini kunahitaji nauli, chakula na mahali pa kulala, na hivyo navyo vinatoka nyumbani.

Ushauri wetu ni kuweka miezi 12 ya kungoja katika hesabu. Ikiwa kazi itapatikana katika mwezi wa tatu, kaya itafurahi na haitakuwa imepoteza chochote. Kaya iliyoweka miezi mitatu ikangoja kumi na minne itakuwa na habari nyingine.

Mshahara unaofika mkononi

Mwandishi wa somo hili alisomeshwa chuo kikuu kwa mkopo wa serikali, na anakumbuka hati yake ya kwanza ya mshahara. Alisoma mstari wa juu akafurahi. Aliposoma mstari wa mwisho, alirudi juu kuhakikisha kwamba jina lililoandikwa ni lake.

Tuseme binti wetu amepata kazi katika zahanati binafsi Tunduma kwa 350,000. Mchango wa NSSF wa asilimia 10 ni 35,000. Kodi, kwa viwango vya sasa, hutozwa kwa asilimia 8 juu ya kiasi kinachozidi 270,000: hapa ni 3,600. Mkononi anapata 311,400. Chumba kimoja 50,000, chakula 90,000, usafiri na mengineyo 30,000, nyumbani 30,000. Kinachobaki ni 111,400. Rejesho lile la 142,000 lingekuwa limemshinda hata kama lingemngoja.

Tuseme badala yake ameajiriwa serikalini. Kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Tumweke muuguzi wetu katika 600,000 kwa ajili ya mfano. Mchango wa PSSSF wa asilimia 5 ni 30,000, bima ya afya ya asilimia 3 ni 18,000, kodi ni 30,000. Mkononi ni 522,000. Akiishi kwa matumizi yaleyale ya 200,000, anabakiwa na 322,000.

Sasa tunaweza kupima. Kurudisha zile 6,150,000 kwa akiba ya zahanati binafsi kungechukua miezi 56. Kwa akiba ya serikalini, miezi 20. Cheti ni kilekile, darasa ni lilelile. Kwa sababu hiyo hatupendi kauli ya kwamba uuguzi "unalipa" au "haulipi". Tofauti inaletwa na mwajiri, na mwajiri huyo hajulikani siku ya kukopa. Anayetaka usalama akope kiasi ambacho mshahara mdogo wa mifano hii miwili ungeweza kukihimili.

Tahadhari moja kwa atakayeajiriwa serikalini: kabla mshahara wa pili haujaingia, watamfuata maofisa wa mikopo. Utaratibu wa utumishi wa umma unataka makato yaache angalau theluthi moja ya mshahara. Theluthi ya 600,000 ni 200,000. Kanuni hiyo inamzuia mtu asibaki na sifuri. Haisemi kwamba anaweza kuishi kwa kilichobaki.

Bodi ya Mikopo

Wazazi wengi hutuuliza kuhusu Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004. Mikopo yake haiwafikii wanafunzi wa ngazi ya cheti. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 imeanza kutolewa kwa baadhi ya wanafunzi wa stashahada. Kwa kuanzia zilitengwa shilingi bilioni 48 kwa wanafunzi wapatao 8,000 katika fani za kipaumbele. Fani za afya zimo, lakini si zote, na orodha hutolewa katika mwongozo wa kila mwaka. Anayetarajia kuendelea na stashahada asome mwongozo wa mwaka anaoomba, siyo wa mwaka ambao binamu yake aliomba.

Urejeshaji wake ni tofauti na ule wa mtaani. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Katika mfano wetu wa 600,000 ni 90,000 kwa mwezi. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha, iliyokuwa ikilalamikiwa sana, ilifutwa mwaka 2021. Kwa anayestahili, ni deni jepesi kuliko mengi, na linangoja mtu apate kipato. Ila ni deni.

Njia za kupunguza mzigo

Njia iliyo bora, na inayodharauliwa kuliko zote, ni kuomba chuo kibadilishe tarehe. Mzazi anayemwandikia mkuu wa chuo mapema, akieleza kwamba malipo ya kahawa hufika baada ya mnada na kupendekeza awamu nne badala ya mbili, mara nyingi husikilizwa kuliko anayejificha hadi mtoto anapozuiwa kufanya mtihani. Majibu yawe ya maandishi. Kama ni lazima kukopa, SACCOS ambayo mzazi ni mwanachama inaweza kukubali marejesho yanayofuata msimu. Mkopeshaji wa barabarani hatakubali.

Kuna pia kuahirisha. Mwaka mmoja wa kuweka mavuno mawili kando kabla ya kujiunga huonekana kama kupoteza muda, hasa wenzake wanapoondoka na masanduku yao asubuhi kwa basi la Mbeya. Kwa binti wetu, kuahirisha kungefuta mkopo wa 1,200,000 pamoja na riba yake ya 504,000. Baadhi ya wazazi wataona mwaka huo ni ghali zaidi ya fedha hizo, na wanaweza kuwa sahihi. Tunaomba tu waamue baada ya kuiona namba.

Zoezi

Lifanyike kwa kalamu, mzazi na mwombaji wakiwa pamoja.

1. Andikeni jina la chuo na programu kama yalivyo katika kitabu cha mwongozo cha NACTVET. Mhitimu husajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa jina gani?

2. Jumlisheni gharama zote hadi siku ya kupata leseni. Ada ni sehemu gani ya jumla hiyo?

3. Kwa kila mkopo mnaofikiria, andikeni mwezi wa rejesho la kwanza na wa rejesho la mwisho. Pembeni ya kila mwezi andikeni jina la mtu atakayelipa na kitu kitakachouzwa ili alipe.

4. Rudieni swali la tatu mkiongeza miezi 12 bila ajira. Je, yupo mwanafamilia ambaye jina lake limeandikwa hapo naye hajaulizwa?